Daktari wa Kwenye Kioo

Walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia ukuta wima, kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kuinama. Alikuwa amefanya uashi kwa miaka ishirini, mtu wa maneno machache, anayeweza kubomoa mistari mitatu ya matofali kwa kosa la unene wa kucha. Siku aliyokwenda kumtolea damu shemeji yake aliyekuwa anafanyiwa upasuaji, ndipo alipoambiwa damu yake haifai. Ana homa ya ini, aina C. Aende hospitali kuu.

Hospitali kuu ilikuwa safari ya siku mbili. Alikwenda, akamkosa daktari wa ini, akarudi na karatasi mkononi. Hakwenda tena. Miaka mitatu ikapita. Akakonda, akawa anapumzika jukwaani kila baada ya tofali kumi, na mtaani maneno yakazuka: fundi anakunywa kwa siri. Yeye ambaye hakuwahi kuonja hata tone! Kazi zikapungua. Mkewe, Mama Pacha, akaacha kwenda kwenye vikao vya akina mama.

Nesi wa zahanati, ambaye kila mtu alimwita Sista, alikuwa ameletewa kompyuta yenye kamera ili wagonjwa wa huku waonwe na mabingwa wa mjini. Akaenda kusimama chini ya jukwaa la Timazi.

"Shuka, baba. Daktari wa ini anakusubiri Alhamisi saa nne."

"Amekuja?"

"Yeye yuko kwake, wewe utakuwa kwetu. Mtaonana kwenye kioo."

Timazi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Daktari wa kwenye kioo atanishika vipi tumbo?"

"Nitalishika mimi, yeye ataangalia."

Ubishi ulimalizwa na Mama Pacha. "Mume wangu, ukuta wenye ufa ungeuacha miaka mitatu?"

Alhamisi hiyo wakaingia chumba cha chanjo. Mtandao ulishika dirishani tu, kwa hiyo Sista alikuwa amekisogeza kitanda mpaka hapo. Kiooni akatokea mwanamke mwenye miwani, umri wa mdogo wa mwisho wa Timazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Timazi, akiangalia nyuma ya kompyuta.

Sista akaanza kazi. Alipeleka kamera machoni, viganjani, miguuni, kisha akabonyeza chini ya mbavu za kulia. "Shusha vidole kidogo, Sista," alisema daktari. "Hapo hapo. Baba, vuta pumzi." Wanawake wale hawakuwa wamewahi kukutana, lakini ungedhani wamefanya kazi meza moja tangu usichana.

"Pombe unatumia, baba?"

"Sijaionja maishani."

"Wala si pombe iliyoleta kirusi hiki. Kinapita kwenye damu. Pengine ni sindano ya utotoni iliyotumika kwa watu wengi. Hatutajua, na si kosa lako. Ila kinatibika. Majibu ya vipimo yakiwa mazuri, ni kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili."

Timazi aligeukia dirisha. Nje, benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri zamu.

"Sista, fungua dirisha. Daktari, hebu rudia hapo pa pombe. Kwa sauti."

"Una hakika, baba? Hii ni siri yako."

"Ni yangu, ndiyo maana naitoa."

Daktari akarudia, neno kwa neno. Benchi zima likageukia dirisha. Mama Pacha akatoka nje, akaketi katikati yao, kichwa juu.

Damu ilisafirishwa kwa basi ndani ya kisanduku cha barafu. Mke na mapacha wakapimwa pia, wakakutwa salama. Vidonge vikaja. Wiki ya nne mvua ikabeba daraja, na kichupa cha mwezi wa pili kikakwama ng'ambo. Vidonge vilikuwa vimebaki vitatu, na daktari alikuwa ameonya: usiruke hata siku moja.

Sista hakumwambia mtu. Alivaa mabuti, akazunguka kule juu mto ulikokuwa mwembamba, akalala kwa watu asiowajua, akarudi siku ya tatu na kichupa kifuani. Timazi alikuwa akimngoja mlangoni. Kidonge cha mwisho alikimeza asubuhi ile. Akainama, akamvua mabuti yaliyojaa tope.

Miezi mitatu baada ya kumaliza dawa alipimwa tena. Kufikia hapo, kumi na mmoja wa wale wa benchini walikuwa wameomba kupimwa, na wanne walikuwa wameanza tiba.

"Hakuna kirusi, baba," alisema daktari. "Umepona."

Mama Pacha alijifunika uso kwa mtandio. Timazi aliinua mkono.

"Una swali?"

"Moja. Siku zote tunakuona kichwa tu. Wewe ni mrefu au mfupi?"

Daktari alicheka, akasimama, akasukuma kiti, akarudi nyuma hadi ukutani ili aonekane mzima: mwanamke mfupi, aliyevaa kandambili, mkono mmoja kwenye gongo la kutembelea.

Timazi naye akasimama, akavua kofia.