Mlango wa Garaji na Ng'ombe Wetu Gaju

Kila mwaka, mvua ya Septemba ilipokaribia, mimi na mume wangu Gasana tulianza kuhangaikia mlango ambao haukuwa wetu. Ulikuwa mlango wa garaji ya bwana tuliyemwita Musiyo Hubert, mzungu mwenye shamba la pareto juu ya kijiji chetu cha Kibabi. Gari lake lililala nyuma ya mlango huo, na gari hilo lilitunzwa kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Gasana hakulipwa kwa kazi hiyo. Mapatano yalikuwa kwamba yeye auangalie mlango, nasi turuhusiwe kuchunga ng'ombe wetu mmoja kwenye majani ya mlimani, ambayo zamani yalikuwa ya kila mtu na sasa yalikuwa ya Musiyo. Ng'ombe huyo tulimwita Gaju, kwa rangi yake ya udongo. Binti yetu Epiphanie alikuwa ameshaolewa mbali, na nyumbani tulibaki sisi wawili na Gaju. Maziwa yake tuliyanywa, mengine tuliyauza. Bila majani yale hatukuwa na pa kumweka, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Kwetu kule juu mvua huja na upepo wa ubavuni, na mawe, na baridi ya kuingia mifupani. Mlango ukilowa unavimba na kuburuta tope. Mwaka 1952 maji yaliingia hadi chini ya gari, viti vikaota ukungu. Musiyo akamwita Gasana, akamwambia kwa upole kwamba maji yakiingia tena, Gaju ataondoka. Ule upole ndio ulioniudhi zaidi.

Basi mwaka uliofuata tulianza mapema, jua likiwa bado kali. Tuliung'oa mlango kwenye bawaba, tukaulaza juu ya magogo. Gasana akaupiga randa upande wa chini huku akiguna, maana mgongo wake ulikuwa umezeeka kabla yake, nami nikaushikilia usiteleze. Bawaba tukazipaka siagi iliyochacha, kwa kuwa mafuta ya gari yalifungiwa kwa kufuli. Tulipourudisha mahali pake, mwanga bado ulipenya katikati ya mbao. Gasana akakaa chini na kusema hana nguvu tena, wala hajui atoe wapi mbao nyingine. Mimi nilikuwa nimechoka na mlango ule kuliko nilivyowahi kuchoka na mtoto yeyote. Nikafanya nililolijua.

Nililolijua ni mavi ya ng'ombe. Kwetu mwanamke huyakanda pamoja na majivu, akaziba kuta za nyumba ya ndama na vikapu vya kuwekea maharage, na upepo haupiti tena. Nilikusanya ya Gaju, nikakanda, nikaziba kila ufa, ndani na nje, nikalainisha kwa kiganja. Yakakauka vizuri. Nasema kweli, niliona fahari.

Mvua ya kwanza ilikuja na mawe. Asubuhi Gasana alipofungua, sakafu ilikuwa kavu. Musiyo mwenyewe aliinama akapitisha kidole, kisha akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo mume wangu alikula akashiba.

Jumapili Madamu, mke wa Musiyo, akaenda misa kwa gari lile. Aliporudi alishuka leso ikiwa puani. Viti, nguo, hata kofia yake, vyote vilinuka zizi. Alisema kanisani watu waligeuka kumtazama. Mwanzoni sikuelewa analalamikia nini. Nimezaliwa ndani ya harufu hiyo, pua yangu haijawahi kuihesabu kuwa harufu. Mimi na Gasana tuliunusa mlango kwa zamu, tumeinama pale kama wapumbavu, na hatukusikia kitu.

Tukaamriwa kukwangua yote na kuosha kwa sabuni. Tukakwangua. Mvua iliyofuata ikaingia, kama ambavyo mtu yeyote angejua, lakini Musiyo hakukumbuka sabuni. Alikumbuka neno lake tu: Gaju aondoke.

Gasana akampeleka Gaju Shasha, kando ya ziwa, kwa mdogo wake Hakorimana. Hatukuwa na ndugu mwingine mwenye majani. Tulijua kwamba ng'ombe wa baridi akishushwa kwenye joto, kupe humletea homa. Tulijua, na bado tukampeleka. Gaju aligoma kwenye mteremko, na Gasana akamsukuma kwa bega huku akimwomba msamaha, alinieleza mwenyewe. Kabla ya Noeli Hakorimana akatuma mtu kutuambia kwamba Gaju amekufa. Nililia uwanjani, majirani wakinitazama, na sikuona haya.

Mvua kubwa za Machi zilipokaribia, Musiyo alikuja mwenyewe hadi kwetu, nyuma ya shamba lake. Alisema seremala kutoka Goma amejaribu lami na magunia, na maji bado yanaingia. Harufu, alisema, wataizoea.

"Mukuje mutie tena ile dawa yenu," alisema. "Na ngombe arudi. Sitamukatala tena."

Gasana alitazama chini.

"Ngombe alishakufaka, Musiyo. Kule Shasha. Kupe njo zilimumaliza."

Musiyo akavua kofia. Nafikiri alisikitika, sitamnyima hilo. Kisha akainua macho kwenye mawingu.

"Pole," alisema. "Na mulango, tufanye je?"

Gasana, kwa mazoea, akaanza kuinuka, mkono mmoja kiunoni. Nikamshika koti.

"Ikala, Papa Epiphanie." Kisha nikamgeukia mzungu. "Ile mavi ilikuwa ya Gaju, Musiyo. Gaju hayuko."

Mume wangu akakaa. Musiyo alisimama kidogo, akavaa kofia, akaenda zake. Mvua ilianza kabla hajafika nyumbani. Nilikaa kando ya Gasana tukiisikiliza juu ya paa letu la majani, na sikuwa na furaha yoyote, nilikuwa nimechoka tu. Ng'ambo ya shamba upepo ulikuwa ukiubamiza ule mlango. Gasana alisikia, nami nilisikia, na tukabaki tumekaa.