Namba Moja wa Nyamianda

Basile alikuwa namba moja, na hakuna mtu pale Nyamianda aliyeruhusiwa kusahau. Wapo waliokuwa na nyumba za orofa, wapo waliokuwa na pikipiki tatu, lakini ubao wa klasema, yaani wa nafasi za wachezaji, katika baa ya Mama Agnès haukujali mtu ana nini. Uliorodhesha kwa chaki wachezaji wa biyari, mchezo wa mipira na fimbo mezani, na jina lake ndilo lililokaa juu. Kazi yake ya kuchomelea vyuma ilimpa ugali. Heshima aliipata kwenye ubao ule.

Aliyeandika ubao alikuwa mzee Ndayiragije, mtu mkavu asiyependelea hata wanawe. Ligi yao haikuwa na mwamuzi. Mchezaji akikosea, akigusa mpira kwa mkono au kwa nguo, aliinua fimbo yake juu mwenyewe na kumwachia mwenzake zamu. Akificha kosa likajulikana, amepoteza mchezo. Wageni kutoka Bukavu waliwacheka kwa desturi hiyo, nao wakajivunia kuchekwa.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuja namba mbili na wenzake wachache. Huyu alikuwa Itangishaka, mkulima wa mpunga kutoka Sange, mpole wa maneno na mkatili wa fimbo. Mshindi ndiye angekuwa wa kwanza. Walicheza kufa na kupona, mpaka ukabaki mpira mweusi tu wa kuzamishwa, atakayeuzamisha ameshinda, na zamu ilikuwa ya Basile.

Alijilaza juu ya meza ili aufikie mpira mweupe. Shati lake likausugua ule mweusi. Ulisogea kidogo sana, lakini Basile aliuhisi tumboni. Fimbo ilipaswa kwenda juu. Badala yake aliipeleka mbele, akapiga, mpira mweusi ukazama, na baa nzima ikalipuka kwa shangwe.

“Basile,” Itangishaka akasema taratibu, “shati yako iligusa mupira.”

“Haikugusa.”

“Minye niko hapa karibu, niliona. Inua fimbo.”

Hapo ndipo Pitchou alipojitosa. Pitchou alikuwa mdogo wake Basile, akimwita kaka yake yaya, na tangu asubuhi alikuwa anatafuta wa kugombana naye. Biyari hakuijua. Alichokijua ni ngumi.

“Weye muntu wa mupunga, unaita yaya yangu mwizi?”

Hakungoja jibu, alimzaba kofi. Itangishaka akamrudishia ngumi moja ya kinywa iliyomwachia Pitchou jino ulimini, na damu ikamchemka yule mshenzi. Alimrukia, akampigiza kichwa kwenye ukingo wa meza, akamkaba shingo kwa goti. Vijana wawili waliojaribu kuamua walikula viti. Kisha Pitchou akaukamata mkono wa kushoto wa Itangishaka, ule anaouegemezea fimbo, akaubana juu ya ubao wa meza na kuokota fimbo iliyoanguka, akaishika kwa upande wa ncha.

“Sema haikugusa.”

Itangishaka hakumtazama. Alimtazama Basile, damu ikimtiririka kwenye jicho.

“Sema weye mwenyewe,” alimwambia.

Neno moja tu lilitakiwa. Basile alikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini macho yake yalipanda ukutani, yakaliona jina lake kule juu, na tamaa ikamfunga ulimi. Nani asingependa kumkamata shingo wakati ule, amtikise mpaka aseme!

Kitako cha fimbo kikashuka. Vidole vililia kama kuni kavu. Kikashuka tena, na tena, na Itangishaka akapiga ukelele ambao Mama Agnès aliusikia huko uani akaangusha sufuria.

Ndipo Basile akapata nguvu, sasa ambapo hazikuwa na faida. Alimpiga mdogo wake kichwani kwa fimbo yake mwenyewe mpaka ikavunjika, akaendelea kumtwanga kwa kipande kilichobaki, mabegani, usoni, popote. Alimchukia, na alijichukia zaidi, na hakuweza kujipiga mwenyewe. Watu wanne walimvuta.

“Iligusa,” alikuwa analia. “Mupira iligusa shati. Nilijua.”

Mzee Ndayiragije akachukua kitambaa, akafuta majina mawili ya juu, akaandika upya: Itangishaka wa kwanza, Basile wa pili.

Itangishaka alikuwa amekaa sakafuni, mkono umeviringishwa kitenge cha Mama Agnès, nacho kimelowa. Aliusoma ubao kwa muda mrefu.

“Futa jina yangu, muzee,” akasema. “Hii mukono haitashika tena fimbo. Pandisha yule anafuata.”

Mzee akasita. Klasema ndivyo ilivyokuwa siku zote: anayejitoa humpisha wa chini yake. Akafuta.

“Muzee, usiandike,” Basile akamsihi. Alipiga magoti. “Nakuomba. Weka muntu mwingine.”

“Weye ulipenda hii nafasi,” Ndayiragije akamjibu bila kugeuka. “Kaa nayo.”

Akaliandika jina la Basile juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo, wakati wanaume wa Sange wakimbeba ndugu yao kumtoa nje.