Kivuli cha Bawa la Pili

Kwa miezi minane niliitazama picha ya thelathini na moja karibu kila siku, na sikuona kwamba ndege iliyomo ilikuwa na mabawa mawili yasiyofanana. Nalikiri hilo mapema, kwa sababu shukrani zote nilizo nazo kwa marehemu Kankolongo zimetokana na upofu huo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya historia huko Lubumbashi. Kazi yangu ya kuhitimu ilihusu jeti za kijeshi zilizopigwa picha katika uwanja wa ndege wa Kolwezi: picha sitini na mbili, nyingi hazina tarehe, zilizoachwa na mpiga picha mmoja wa mjini, aliyezipa namba kwa mfuatano wa miaka. Namba za mkiani zilikuwa zimefutwa kwa rangi, basi nilizitambua ndege kwa mabawa. Aina ya zamani ilikuwa na bawa ambalo ukingo wake wa mbele umenyooka kutoka mwilini hadi nchani. Aina mpya ilikuwa na jino: katikati ya ukingo, bawa hujitokeza mbele ghafla, kadiri ya upana wa kiganja. Ili macho yangu yasitangetange, niliifunika sehemu ya chini ya kila picha kwa ukanda wa katoni, ibaki ndege peke yake. Nilijivunia mbinu hiyo.

Picha ya 31, iliyopigwa ubavu wa kushoto, ilionyesha jino. Picha ya 44, iliyopigwa ubavu wa kulia, haikuonyesha jino. Nikahesabu ndege mbili. Na kwa kuwa jino halikuonekana katika picha yoyote kabla ya ile ya 31, niliandika sura nzima, ya nne, kuthibitisha kwamba serikali ilinunua jeti mpya katika miaka ileile ambayo wachimba migodi hawakuwa wakilipwa. Profesa wangu aliipenda mno sura hiyo. Aliniambia kwamba nikiitetea vizuri nitapata nafasi ya kusoma Ulaya. Zilibaki siku tisa kabla ya siku ya kutetea. Nilihitaji shahidi mmoja tu aliyeziona ndege hizo.

Shahidi niliyemjua alikuwa jirani yetu wa Kolwezi. Kankolongo, tuliyemwita Tata, yaani baba, alipiga riveti, zile pini za kuunganishia mabati, kwa miaka thelathini katika karakana ya mgodi, na mara kwa mara aliazimwa uwanjani kuziba mabati ya ndege. Lakini ulikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walikuwa wakifukuzwa Katanga, kazini na majumbani, na maelfu yao walilala penye stesheni ya Kolwezi wakingoja treni. Familia ya Kankolongo ilikuwa huko kwa wiki ya tano. Sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga, hakuna aliyetufukuza. Nami sikuwa nimekwenda kuwaona hata siku moja.

Nilipofika, langoni mwa stesheni alisimama Dodo, niliyesoma naye shule ya msingi, sasa mmoja wa vijana waliowafukuza, ameshika fimbo.

“Docteur!” alinitania kwa usomi wangu. “Unafwata nini kwa bale batu? Unataka kupanda nabo?”

“Nakuya kuona Tata Kankolongo.”

“Pita. Lakini treni ikikubeba, usilie!”

Niliwakuta karibu na reli. Mama Laurentine, mke wa Kankolongo, alikuwa ameketi juu ya mlango wa mbao uliolazwa juu ya matofali. Ulikuwa mlango wa nyumba yao, waliung'oa walipoondoka. Aliitazama bahasha yangu.

“Wiki tano, Polycarpe. Na leo unatuletea mapicha?”

Kankolongo alicheka taratibu.

“Muache, mama. Analeta kile eko nacho.”

Alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea picha ya 31, akakunja uso.

“Hii katoni ni ya nini?”

“Ni juu nione ndege tu, Tata.”

“Na kivuli, ni ya nani?”

Akaubandua ukanda kwa ukucha. Picha ilipigwa adhuhuri, katika majuma ya Oktoba ambapo jua la Kolwezi husimama utosini, na kivuli cha ndege kililala chini yake kwenye saruji, kikiwa na umbo lake kamili. Bawa la mbali lilifichwa na mwili wa ndege. Kivuli chake hakikufichwa. Kilionekana kati ya magurudumu.

“Fwata ukingo na kidole.”

Nilifuata. Kidole changu kilikwenda moja kwa moja hadi nchani.

“Jino iko wapi?”

“Haiko, Tata.”

“Haiko. Bawa ya kushoto tuliondosha kwa ndege ingine, yenye ilitoka kwingine na ikaanguka hapa. Mi mwenyewe nilipiga riveti. Habakununua kitu, mutoto yangu. Bipande bya ndege habikuwa binakuya tena. Tulikuwa tunakamata kwa hii, tunatia kwa ile.”

“Na hii ya arobaini na nne?”

“Ni ile ile. Umeihesabia mara mbili, sawa mutu mwenye kuhesabia mbuzi kwa kichwa, kisha kwa mukia.”

“Iliruka?”

“Mara moja. Ilirudi imeinama sawa mama mwenye kubeba batoto babili kwa bega moja. Pilote alishuka, akanisalimia, akaenda kanisa.”

Hata Mama Laurentine alicheka. Ndipo filimbi ya treni ikasikika, na stesheni nzima ikainuka.

“Kankolongo! Nafasi!” mkewe alipaza sauti, akiwavuta watoto.

“Tangulieni,” alisema. Kisha akanigeukia: “Leta zingine. Mbio.”

Alizibandua katoni moja baada ya nyingine, huku watu wakitupita na magodoro na masufuria. Katika dakika hizo aliniondolea makosa mengine mawili. Tulipofika kwenye mabehewa, yale yenye paa yalikuwa yamejaa. Familia yake ilikuwa juu ya behewa la wazi. Niliubeba ule mlango kichwani, nikapita mbele ya Dodo.

“Docteur amekuwa mubeba milango!”

Niliwapandishia. Waliusimamisha ubavuni, watoto wajikinge na upepo.

“Utaandika nini?” Kankolongo aliuliza kutoka juu.

“Ile yenye umeniambia, Tata.”

“Hapana. Andika yenye umeona.”

Treni iliondoka kuelekea Lubudi, na kutoka huko hadi Kasai. Sikumwona tena kabla ya kifo chake.

Niliifuta sura ya nne. Mahali pake niliweka kurasa tatu kuhusu ndege moja iliyoungwa kutoka ndege mbili, na katika ukurasa wa mbele nikaandika jina la Kankolongo. Mmoja wa watahini aliuliza mtu huyo ana shahada gani. Nilimjibu kwamba alikuwa mpiga riveti. Nilipata alama ya kupita tu, na nafasi ya Ulaya ilikwenda kwa mwingine. Mwaka uliofuata nilianza kuwaandikia barua mafundi waliofukuzwa, huko Mwene-Ditu na Kananga, miji ya Kasai, niwaulize walitengeneza nini kwa mikono yao. Na hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo.