Mkono wa Egidi

Mwekezaji alipochukua ghala la tumbaku pale Songea, watu wakaanza kupunguzwa kazini. Basi nesi alipoletwa kuwapima wafanyakazi presha, Pankrasi akajua ndiyo mbinu ya kuwatoa wagonjwa. Na kichwa kilikuwa kikimgonga kila akiinua robota la tumbaku.

Akamfuata Egidi, kibarua wa kupakia malori. Vibarua hawakuwamo kwenye kupimwa. Egidi alikuwa Mhehe, mtani wake, mwembamba, mtu ambaye hata mafua hayamjui.

"Wakiniita, ingia wewe," Pankrasi akamwomba.

"Wangoni kwa woga," Egidi akamcheka, akaingia.

Alitoka na pakiti ya vidonge. "Mtani, pole, unaumwa. Nesi anasema presha yako inatisha, unaweza kupooza wakati wowote. Usibebe mzigo, na kesho uwahi hospitali. Shika dawa zako."

Saa ya chakula Pankrasi akajikokota hadi nyumbani, Mjimwema, akamweleza mkewe kila kitu. Kunegunda alilia, akaimwaga mboga yenye chumvi, akamletea maji ya kumezea dawa. Kidonge kilipofika mdomoni akamshika mkono.

"Hebu ngoja, Baba Fausta. Mkono uliofungwa kile kipimo ulikuwa wa nani?"

"Wa Egidi."

"Sasa mgonjwa ni nani?"

Jamani, watu wazima wawili, na hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Jina lilikuwa la Pankrasi, wakaona na ugonjwa ni wake. Pankrasi akakimbia kurudi ghalani na tumbo lake lote, akimwomba Mungu amkute mtani wake amesimama.

Alimkuta amesimama, robota kichwani, jasho likimtiririka.

"Tua, Egidi. Presha ni yako."

"Utani huo peleka kwenu."

"Sitanii. Tua, ndugu yangu." Egidi alimtazama usoni, kisha akautua mzigo taratibu na kuketi juu yake.

Pankrasi akamshika mkono hadi kwa nesi, akakiri yote mbele ya msimamizi. Msimamizi akakunja uso. "Kibarua hapimwi hapa. Waajiriwa tu."

Pankrasi aliogopa kufukuzwa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Lakini akasema, "Basi nafasi yangu mpeni yeye. Mimi niandikeni mgonjwa, niandikeni mwongo, nipunguzeni. Huyu atibiwe."

Nesi hakumngoja msimamizi. Alimpima Egidi upya, akampa kidonge, akamwambia akae papo hapo, atakwenda naye hospitali kwa gari lake. Kisha akamgeukia Pankrasi.

"Na wewe, njoo."

Pankrasi alijaribu kukunja shati, likamshinda. Egidi akasogea, akamkunjia mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akabaki amemshika bega.