Njiwa Waliokataa Kuhama

Fundi friji alipoachana na mkewe hakukuwa na kelele. Walikuwa watu wazima, binti yao Kidoti ameshaolewa mbali, na maneno yalikuwa yamewaishia. Alibeba begi la nguo, sanduku la vifaa na njiwa wake, akahamia chumba cha kupanga ghorofani, ng'ambo ya reli.

Njiwa aliwafungia kwenye kizimba juu ya paa kwa wiki kadhaa ili wapazoee. Akiwapa mtama aliwaongelesha. "Hapa ndipo kwetu sasa. Kelele za treni mtazizoea, hata mimi bado." Hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Majirani walikuwa watu wa salamu tu, mlango ukishafungwa basi.

Siku aliyowafungulia, walizunguka paa mara mbili tatu kama waliodondosha kitu, kisha wakaondoka. Hawakukata moja kwa moja. Waliifuata reli mpaka kwenye tangi la maji, wakakunja kulia na kushika barabara ya lami, njia ile ile aliyopita yeye na baiskeli miaka yote akirudi kutoka kazini. Hakuhitaji kuambiwa wanaelekea wapi.

Mchana simu ikaita.

"Fundi, njiwa wako wako huku."

Zamani mkewe alimwita Baba Kidoti. Sasa alikuwa fundi, kama kwa wateja.

Alikwenda jioni, wakati njiwa wameshatulia, amefunga kizimba kidogo cha kuwabebea nyuma ya baiskeli. Mama Kidoti alimfungulia geti, akamshikia ngazi. "Angalia bati la pembeni, lisije likakukata," alisema. Fundi alirudi chumbani kwake na njiwa wote, akajikuta anatabasamu peke yake.

Kesho yake akawafungulia tena. Ikawa ndiyo kawaida: asubuhi anawaachia, jioni anawafuata. Mara apewe maji ya kunywa, mara aombwe kutazama friji inayonguruma, mara wamcheke dume mweupe anavyotembea kifua mbele kama mwenye nyumba. Fundi akaanza kunyoa ndevu kabla ya kwenda.

Jioni moja hakukuta ngazi.

"Baba Kidoti," mama yule alimwita, na moyo wa fundi ukaruka. "Hawa njiwa wanajifungulia wenyewe?"

Fundi alijifanya anakaza kamba ya kizimba.

"Nakuuliza."

"Nawafungulia mimi."

"Nilijua. Na sitakudanganya, hata mimi nilikuwa naisubiri jioni. Lakini ukishaondoka, naanza upya kuizoea nyumba. Siwezi kuachwa kila siku."

"Basi nirudi."

"Urudi tufanye nini? Tukae meza moja, kila mtu anatazama sahani yake?"

Fundi alitazama juu ya paa, alipotua dume mweupe.

"Waache hapa," mama yule alisema kwa upole. "Nitawalisha. Ila wewe usije tena."

Akaondoka na kizimba kitupu nyuma ya baiskeli, kikigongagonga kwenye kila shimo.

Mashine ya kusaga nafaka ilikuwa mtaa wa nyuma ya chumba chake, na njiwa walipenda kuokota punje zilizomwagika uwanjani. Kila asubuhi walikuja kwa njia yao, lami, tangi, reli, wakapita juu ya paa lake kwenda kula. Siku za mwanzo aliwapigia mluzi na kutikisa kopo la mtama. Hawakushusha hata bawa. Baadaye akaacha mluzi, akawa anatoka tu na kikombe cha chai.

"Mzee, kila siku unatazama nini huko juu?" jirani, fundi viatu, alimuuliza asubuhi moja.

"Njiwa."

"Wa nani?"

Walikuwa wanapita wakati huo huo, dume mweupe mbele.

"Wa mama mmoja, kule ng'ambo ya reli," alijibu. Akamalizia chai yake, akachukua sanduku la vifaa, akashuka ngazi kwenda kazini.