Goti la Papa Ntirenganya

Mfupa wa paja la Papa Ntirenganya ulipona vizuri kuliko tulivyotazamia. Risasi iliuvunja kwenye barabara ya Masisi, alipokuwa akikimbia vita na ng'ombe wake wa mwisho. Daktari wetu wa upasuaji hapa Goma akapitisha chuma ndani ya mfupa, kuanzia nyongani hadi karibu na goti, na radio ya mwisho, ile picha ya mifupa, ikaonyesha umeshikana. Daktari alifurahi sana. Mimi sikufurahi, kwa sababu kazi yangu ni kuwarudisha wagonjwa kwenye kutembea, na goti la mzee huyu lilikuwa limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Na alilikakamaza mwenyewe! Alinieleza bila haya kwamba kila usiku aliufunga mguu wake kwenye ubao.

"Mama Gisèle, chuma ukiikunja mara mingi, inakatika," alisema. "Nilijengaka lupango, boma ya ng'ombe, na waya. Minajua."

Nilimwambia chuma hakifiki gotini. Nilimwonyesha ile radio, nikapitisha kidole pale kinapoishia. Aliitikia kwa heshima zote, akarudi kwake mtaani Katoyi, hapa hapa Goma, akajifunga ubao wake. Watu wa namna hiyo hunipandisha hasira, hasa wanapoitikia kwa heshima.

Goti alilihitaji kuliko wagonjwa wangu wote. Kwao mtu hukamua akiwa amechuchumaa, chombo kikiwa kati ya magoti, na ng'ombe huyo mmoja ndiye aliyeilisha nyumba. Mwanawe wa kiume alizikwa Masisi. Binti yake, Clarisse, alikuwa na afya na nguvu, lakini kwa desturi yao mwanamke hakamui. Basi jirani aitwaye Rodrigue ndiye aliyekamua, akijichukulia nusu ya maziwa bila kuulizwa.

Wiki ile vita vilipokaribia Sake, mji ulio jirani na Goma, Rodrigue alivuka mpaka na familia yake. Papa Ntirenganya hakuja hospitalini siku iliyofuata, nikamfuata nyumbani huku nimekwisha kuandaa maneno ya kumkemea. Nilimkuta amejishikilia kwenye nguzo, anajaribu kuchuchumaa. Ng'ombe alikuwa analia, kiwele kimejaa kimekuwa kigumu. Ndama wake alikufa njiani siku ya kukimbia, kwa hiyo hakuwa na wa kumnyonya.

Nilisahau kukemea. Nilimshika mzee kiunoni, akashuka. Goti lilikunjika kidogo, likagoma. Akajaribu tena akiuma meno, likagoma palepale. Kisha akaanguka ubavu kwenye changarawe nyeusi, na chombo kikabingirika hadi mlangoni, aliposimama Clarisse. Binti alikiokota, akabaki nacho mkononi.

Mzee alikitazama kile kiwele.

"Clarisse, nawa mikono."

"Papa, watu batasema nini?"

"Ng'ombe iko inaumia. Nawa."

Tulimwinua, akaenda kusimama kichwani kwa ng'ombe, akamshika pembe na kumwelekeza binti yake: asivute, abane kuanzia juu, vidole vifuatane. Maziwa ya kwanza yalimwagika miguuni. Yaliyofuata yaliingia chomboni. Papa Ntirenganya alilia waziwazi, na mimi nikalia, wala sioni aibu kulisema.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni pa ofisi yangu, amewahi kuliko mimi. Ubao, aliniambia, hakujifunga usiku ule.

"Ikunje," alisema.

"Papa, siwezi kukuahidi kitu. Tulipoteza wakati mingi sana. Unataka kurudia kukamua?"

"Hapana, mama. Ile ng'ombe nilimupa Clarisse, iko yake sasa. Minataka tu kuchuchumaa pembeni yake, asikamue peke yake."

Nilimlaza kitandani, nikaweka mkono mmoja juu ya goti na mwingine kwenye kifundo cha mguu, nikaanza kukunja. Alipiga kelele hadi watu wakachungulia dirishani. Hakuniambia niache.