Watembezi wa Ostrander

Maji ya moto yalikatwa tangu sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Verna Hlavaty alisimama katika choo cha wanawake cha jengo la maduka la Ostrander, vifungo vya blauzi wazi, akijifuta makwapa kwa karatasi iliyoloweshwa, meno yakigongana. Alipomaliza akazishika soksi zake chini ya mashine ya kukaushia mikono, akizigeuza huku na huku kama anayechoma mahindi. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandamana na kidole gumba alipokuwa akiivua. Aliibandua polepole, ameuma skafu yake asilie. Kidole kilikuwa kimeingia weusi ubavuni. Hakukitazama mara ya pili. Akavaa viatu vya kutembelea, akapaka rangi ya mdomo, akatoka kuwalaki wenzake.

Wenzake ni wazee kama yeye. Kila asubuhi, maduka yakiwa bado yamefungwa, mlango wa kusini huachwa wazi kwa ajili yao, nao huzunguka ndani ya jengo wakinyoosha viungo, maana nje kuna barafu na nyonga ya mzee ikivunjika ndiyo basi tena. Wana chama chao, fulana zao, na kanuni yao moja kubwa: kushika upande wa kulia.

"Shoga, umenitangulia tena!" alisema Irma Tolliver, akikung'uta theluji mabegani. "Niambie kweli, unalala humu?"

Wote wakacheka. Verna alicheka kuliko wote. Alilala ndani ya gari lake, nyuma ya lile duka kubwa la upande wa mashariki, pale taa za maegesho zilipokufa zikaachwa vivyo hivyo. Wenzake aliwaambia anakuja kwa basi.

Wakazunguka. Zamani mahali hapa palikuwa shamba la mzee Ostrander, na Verna msichana alichuma stroberi hapa mpaka vidole vikawa vyekundu. Shamba likauzwa, likajengwa jengo la maduka, watu wakaja kutoka miji yote ya jirani kutazama chemchemi iliyoruka mpaka karibu na paa. Yeye na Emil wake walichumbiana kando ya chemchemi hiyo. Akaajiriwa duka la mashariki, upande wa nguo za ndani, akawapima vifua mama, kisha binti zao, kisha wajukuu. Halafu barabara kuu mpya ikapita mbali, wenye nacho wakahamia huko iendako. Duka likanunuliwa na watu ambao hawajawahi kuuza hata soksi. Jengo la duka wakaliuza peke yake, jina peke yake, na pensheni ya wafanyakazi ikapotea hapo katikati. Emil akaugua. Hospitali ikachukua akiba, kisha ikamchukua Emil, kisha nyumba.

Sasa chemchemi imefukiwa zege, na mabenchi yameng'olewa ili watu wasikae. Ndiyo maana Verna hutembea. Anayetembea ni mtembezi. Anayesimama ataulizwa anangoja nini.

Asubuhi hiyo meneja, Bwana Pruitt, aliwangoja penye zege la chemchemi. Alikuwa kijana mwenye koti zuri, na sauti ya upole iliyofundishwa.

"Wazee wangu, Ijumaa tunafunga."

"Duka gani tena?" akauliza Walt Sikora, mzee mwenye fimbo.

"Jengo lote. Linabomolewa. Patajengwa ghala la mizigo ya watu wanaoagiza kwa simu."

"Kumbe!" akasema Walt. "Kwa hiyo sasa viatu ndivyo vitakavyotembea, na sisi tukae nyumbani."

Wakacheka kidogo. Verna hakucheka.

"Bwana Pruitt, hamwezi kutuachia mlango mmoja mpaka baridi iishe? Hatugusi kitu."

"Ningekuwa na uwezo, mama, ningewaachia yote. Bima haikubali."

"Uwezo anao nani?"

"Mwenye jengo."

"Yuko wapi, nikamwombe?"

Pruitt akafikiri, na kwa kweli alifikiri. "Si mtu, mama. Ni mfuko wa uwekezaji." Akainamisha kichwa. "Kwani wewe binafsi una shida?"

Nyuso zote zikamgeukia. Irma alikuwa na vyumba vitatu vya bure. Mara nyingi alilalamika jinsi vinavyokusanya vumbi. Verna angeweza kusema kwamba hana pa kulala. Kwao mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hasemi maneno kama hayo.

"Mimi?" akasema. "Nawahurumia hawa vikongwe tu."

"Kikongwe mwenyewe!" akadakia Irma, na kicheko kikawafunika.

Ijumaa jioni walifanya sherehe. Kulikuwa na kahawa, na keki iliyoandikwa kwa sukari ya buluu: MTEMBEZI MWAMINIFU. Ilikuwa ya Verna, maana hakuna asubuhi hata moja aliyokosa. Bwana Pruitt akamshika bega, wakapigwa picha. Mafundi walikuwa wamekwisha kushusha nguzo za uzio kwenye maegesho.

"Leo hupandi basi," Irma akatangaza. "Tunakupeleka mpaka mlangoni kwako. Miaka yote hii hatupajui kwako, si aibu hiyo?"

"Hapana, Irma, usijisumbue."

"Nani anasumbuka? Walt, mbebee keki."

Akapandishwa gari kama bibi harusi. Alipoulizwa njia, mdomo wake ukasema wenyewe: kushoto, kulia, mtaa wa Elmira, nyumba yenye baraza nyeupe. Ndiyo nyumba yake ya zamani. Dirisha la jikoni lilikuwa na mapazia mapya. Hakukuwa na gari uani.

"Pazuri!" alisema Irma. "Na ulikuwa unatuficha."

Verna akashuka na keki yake, akapunga mkono. Gari halikuondoka. Aligeuka, akapunga tena. Irma naye akapunga, injini ikinguruma, taa zikimulika ngazi. Mwenye adabu huko haondoki mpaka amwone mzee wa watu ameingia ndani na taa imewaka. Verna mwenyewe alikuwa akiwafanyia hivyo wengine.

Akapanda ngazi. Akapekua mkoba, akapekua tena. Vidole vilishika funguo za gari, hakuna nyingine.

"Vipi, shoga? Walt aje akusaidie?"

"Natumia mlango wa nyuma!" akajibu, kwa furaha aliyoitafuta mbali.

Akazunguka nyumba akizama katika theluji. Alipofika nyuma, taa ya ukutani, ile inayojiwasha ikihisi mtu, ikawaka ghafla na kuangaza ua mzima. Huko mbele honi ikalia mara mbili, ya kuaga. Akalisikia gari likienda, mpaka likapotea.

Alisimama katika mwanga huo, keki mkononi, mpaka ulipozimika.

Kurudi Ostrander kulimchukua muda mrefu. Mwanzoni kidole kilimchoma kila hatua. Baadaye kikanyamaza, na kunyamaza huko kukamtia hofu zaidi. Alipofika, uzio ulikuwa umekwisha kufungwa pande zote. Gari lake lilikuwa kule ndani, theluji imelifunika mpaka madirishani. Mlinzi wa mkandarasi alikuwa upande wa pili, ameshika kikombe kinachotoa mvuke.

"Mwanangu, nifungulie. Lile gari ni langu."

"Funguo anazo msimamizi, mama. Ameondoka."

"Dawa zangu za sukari zimo mle. Na blanketi."

"Blanketi?" Akalitazama gari, akamtazama yeye, kisha akatazama kikombe chake. "Mimi nimeagizwa, mama. Hata mimi siwezi kufungua. Njoo Jumatatu na karatasi za gari. Sasa nenda nyumbani, baridi hii itakuua."

Akaingia katika kibanda chake, akafunga mlango.

Verna akaweka sanduku la keki juu ya theluji, akalifungua, akala kwa mkono neno MWAMINIFU lote, kwa haraka, mpaka ubao wa chini ya keki ukaonekana. Kisha akasimama, kwa sababu anayekaa huganda. Akaanza kulizunguka jengo kwa nje ya uzio, mguu wa kushoto ukiburuta, akishika upande wa kulia.